Mraba kwa mraba: mwongozo wa kuweka akiba ya mwaka mzima bila kuuchoka mpango wako

Mipango mingi ya akiba haifi kwa sababu ya umaskini. Hufa kwa sababu mtu amejinyima miezi mitatu, hajaona chochote, na raha yote ameiweka mwisho wa mwaka. Siku moja jirani ananunua redio mpya, au mtoto anaomba viatu, na kisanduku kinavunjwa. Hapa chini tunaonyesha namna ya kupanga akiba ambayo raha imepewa fungu lake tangu wiki ya kwanza, kwa hesabu unayoweza kuifuata kwa kalamu.

Mfano wetu ni mama anayekaanga chapati kando ya barabara mjini Arua, Uganda, na anataka cherehani. Mwenye boda boda wa Busia au mkulima wa vitunguu wa Kasese abadilishe namba tu. Utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Jua faida yako halisi

Kosa la kwanza, na ndilo linaloua mipango mingi kuliko mengine, ni kuhesabu mauzo kana kwamba ni faida. Chukua siku sita za kawaida na uandike kila kitu kilichoingia na kilichotoka. Kwa mfano wetu, siku moja inakuwa hivi, kwa shilingi za Uganda: mauzo 70,000, unga 30,000, mafuta 12,000, makaa 6,000, ushuru wa soko na kaveera (mifuko ya plastiki) 4,000. Matumizi yote ni 52,000. Kinachobaki ni 18,000.

Hiyo 18,000 ndiyo pesa yako. Ile 52,000 ni ya biashara na kesho asubuhi inarudi kuwa unga. Ukiichanganya na ya kwako, utaweka akiba vizuri wiki mbili, kisha ya tatu utakosa mtaji na uende kukopa.

Kama una deni la simu la siku 30, lilipe kwanza. Deni linalotozwa 9% kwa mwezi linakula haraka kuliko akiba yoyote inavyokua, na hakuna atakayefurahia kujaza kisanduku huku simu inamkumbusha deni kila asubuhi.

Hatua ya 2: Lengo liwe na orodha ya bei

"Nataka kujiendeleza" si lengo, kwa sababu huwezi kulipima. Nenda kwenye maduka matatu, uliza bei, uandike. Mfano:

Cherehani ya kukanyaga pamoja na meza yake: 900,000
Vitambaa na uzi wa kuanzia: 350,000
Kodi ya kibanda, miezi mitatu: 300,000
Mkasi, futi, sindano, pasi ya makaa: 150,000
Nyongeza, bei zikipanda: 100,000
Jumla: 1,800,000

Usifute ule mstari wa nyongeza ili jumla ipendeze. Bei ya leo si bei ya mwakani. Rudi dukani kila baada ya miezi mitatu uulize tena. Zaidi ya kuthibitisha bei, matembezi hayo yana faida nyingine: unakigusa kile unachokifanyia kazi, na mwenye duka anaanza kukujua kabla hujafika na pesa.

Hatua ya 3: Gawa mwaka kwa namna mwaka ulivyo

Mwaka una wiki 52, lakini hazifanani. Muhula wa kwanza wa shule huanza Februari, wa pili mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wa tatu Septemba. Ukitenga wiki mbili kwa kila ufunguzi, unapata wiki sita ambazo pesa itabana, upende usipende. Ziandike mapema kuwa wiki za kiwango cha chini, zisije zikakushtua.

Wiki 46 za kawaida: 36,000 kila wiki, yaani 6,000 kwa siku sita za kazi. Jumla 1,656,000.
Wiki 6 za shule: 24,000 kila wiki. Jumla 144,000.
Zote pamoja: 1,800,000.

Kiwango cha chini kina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu aliyejiwekea 36,000 pekee, siku akiwa na 24,000 hujiona ameshindwa, na aliyejiona ameshindwa mara tatu huacha. Aliyeandika 24,000 tangu Januari ametimiza ahadi yake na hana cha kujilaumu.

Sasa faida ya wiki, ambayo ni 108,000, igawe hivi: akiba 36,000, dharura 6,000, raha 5,000, nyumbani 61,000. Fungu la dharura ni kwa ajili ya ugonjwa na michango ya misiba, ile ambayo Kampala huitwa mabugo. Bila fungu hilo, kila msiba utapigia hodi akiba yako. Kama familia yako haiwezi kuishi kwa 61,000, usijidanganye: punguza akiba au ongeza muda uwe miezi kumi na minane. Mpango unaowalaza watoto na njaa utavunjwa na mtu yeyote mwenye huruma, na ni haki yake kuuvunja.

Hatua ya 4: Chora miraba 300

Hapa ndipo kazi inapoanza kuwa tamu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nunua daftari la hesabu lenye miraba. Kwenye ukurasa mmoja chora mistari 15, kila mmoja wenye miraba 20. Unapata miraba 300, na kila mraba ni shilingi 6,000. Mraba mmoja ni siku moja ya kazi. Wiki ya kawaida inajaza miraba sita, wiki ya shule miraba minne. Mstari mzima ni 120,000, nao unachukua wiki tatu na siku mbili hivi.

Kata ukurasa huo, ubandike mahali unapopaona jioni ukivua viatu. Ukiuacha ndani ya daftari, daftari litafungwa na utausahau. Kama chumba chenu kinaingia wageni wengi na hutaki maswali, usiandike namba ya pesa popote. Miraba mitupu haimwambii mgeni kitu.

Masharti ya miraba ni matatu. Kwanza, pesa hutangulia wino: hujazi mraba kwa pesa ambayo bado iko mfukoni mwa mteja aliyekopa chapati. Pili, ukijaza nusu, paka nusu. Ukweli wa nusu una heshima kuliko mraba wa uongo. Tatu, mraba uliojazwa haufutwi. Ukilazimika kutoa pesa, weka alama ya msalaba katikati ya mraba, na ukiirudisha, zungushia duara. Baada ya miezi sita ukurasa huo utakuonyesha mwaka wako kuliko kumbukumbu yako.

Mpe mtoto kazi ya kupaka rangi. Mtoto wa miaka saba atakuuliza kila jioni kama leo kuna mraba, na ni vigumu kumwambia hapana kwa sababu ya soda. Tena atajifunza kitu ambacho wengi hukifahamu wakiwa na miaka thelathini: kwamba pesa hukua polepole na kwa zamu.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni ukubwa wa mraba. Wapo wanaochora miraba 18 ya 100,000 kila mmoja kwa sababu inaonekana safi. Mraba mmoja unachukua karibu wiki tatu kujaa, na jioni kumi na sita mfululizo bila kupaka chochote zinachosha. Fanya mraba uwe mdogo kiasi cha kujazwa siku hiyohiyo. Lakini usishuke hadi shilingi 500, kwa sababu kupaka miraba 3,600 ni adhabu.

Hatua ya 5: Fungu la raha lina sheria zake

Elfu tano kwa wiki ni 260,000 kwa mwaka. Wapo watakaokwambia uziongeze kwenye akiba umalize mapema. Hesabu yao ni sahihi: utamaliza wiki sita mapema, ukimaliza. Sisi tunashauri usifanye hivyo. Aliyejibana kwa miezi mitano bila raha yoyote hutoka siku moja na 200,000 akazimaliza mwishoni mwa juma, na baada ya hapo anaona aibu hata kurudi kwenye ukurasa.

Zigawe mara mbili. Shilingi 2,000 ni za kila wiki. Shilingi 3,000 zinakaa pembeni hadi mstari ujae, na zinakuwa kama 10,000 kwa kila mstari.

Raha ya wiki ichaguliwe Jumatatu na ipewe siku yake. Raha ya kushtukia haikumbukwi. Rolex ya moto, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, Jumamosi jioni baada ya kufunga moto wa chapati (ndiyo, hata anayekaanga chapati hupenda kula ya mwenzake), au bando la kutazama mechi ya Cranes, timu ya taifa ya soka. Ya mstari iwe ya watu zaidi ya mmoja: samaki wa ngege mbichi wa Jumapili kwa nyumba nzima, au kusuka nywele ukiwa umekaa na rafiki mchana wote.

Mambo manne hayahesabiki kuwa raha. Sabuni, chumvi na mafuta ya taa ni mahitaji. Chochote cha mkopo ni deni. Kumnunulia mtu ili akusifu ni gharama ya sifa. Na pombe ya kusahau siku mbaya inatoa pesa ya siku mbili, ya jana na ya kesho, kwa sababu kesho hutaamka saa kumi na moja kukanda unga.

Na fungu hilo lisilimbikizwe. Likibaki, litumie. Ukianza kulibania utarudi palepale pa kuisubiri Desemba.

Hatua ya 6: Ionje kazi ya mbele kabla hujaifikia

Raha ya kula huisha usiku huohuo. Ile inayodumu mwaka mzima ni ya kuona mkono wako unajua kitu ambacho mwezi uliopita haukukijua. Kwa hiyo kila mstari upewe somo lake.

Mstari wa 1, maduka matatu na bei. Mstari wa 2, kaa kwa fundi mchana mmoja kila wiki, umsaidie kufumua na kupiga pasi, naye akuonyeshe. Mstari wa 3, jifunze kutia uzi na kujaza bobini (kigurudumu cha uzi wa chini). Wa 4, kushona mstari ulionyooka kwenye karatasi bila uzi, hadi matundu yafuate mstari wa kalamu. Wa 5, nunua mkasi na futi. Vitu hivyo vimo kwenye orodha ya 1,800,000, kwa hiyo hujavunja akiba. Kuanzia wa 6 hadi wa 8, mfuko wa mto, kisha aproni, kisha sketi ya shule. Ukifika mstari wa 12, fundi huyohuyo huenda akakupa kazi ndogo za kupindia suruali, na pesa hiyo inajaza miraba.

Anayetaka boda boda yake ajifunze kubadilisha oili, kukaza cheni na kusafisha plagi. Anayetaka ng'ombe wa maziwa apande majani ya tembo kwanza. Wanaofika kwenye lengo mikono mitupu hupata mali bila ujuzi, na mali ya namna hiyo huuzwa kwa hasara ndani ya mwaka.

Mistari ya 6 hadi 10 ndiyo migumu. Upya umekwisha na mwisho hauonekani. Hapo badilisha kitu: rangi ya kalamu, siku ya kwenda kwa fundi, mtu wa kukagua ukurasa wako. Ukipata wiki mbili mfululizo za kiwango cha chini ambazo si za shule, acha kujilaumu na uangalie biashara. Pengine unga umepanda nawe hujapunguza ukubwa wa donge, au mteja mmoja anakula kwa deni kila siku.

Hatua ya 7: Pesa ikae wapi

Isikae chini ya godoro. Gawa: sehemu kikundini, sehemu benki au kwenye simu.

Kikundi cha kuweka na kukopa kwa kawaida kina watu 15 hadi 30, kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti. Kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano, anapigiwa mihuri kitabuni, na mzunguko huisha baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili kwa kugawana. Hisa ikiwa 5,000, wiki ya kawaida nunua tano (25,000) na 11,000 zipeleke benki au simu. Wiki ya shule nunua nne (20,000) na 4,000 benki. Mwisho wa mwaka una hisa 254, ambazo ni 1,270,000, na 530,000 kando.

Thamani ya hisa siku ya kugawana ni pesa yote ya mfuko wa mikopo kugawanywa kwa idadi ya hisa zote. Mfuko wa jamii, yaani michango ya kusaidiana wakati wa shida, hauhesabiwi humo. Kikundi chenye hisa 4,000 kina 20,000,000 za wanachama. Riba ikiingiza 3,000,000, kila hisa ni 5,750, nawe unapata 1,460,500. Mtu mmoja akitoroka na 1,000,000, hisa inashuka hadi 5,500 na wewe unapata 1,397,000. Ndiyo maana mkopo wa mwenzako unakuhusu. Kabla ya kujiunga uliza mambo matatu: mwaka jana hisa iligawanywa kwa shilingi ngapi, nani hajalipa, na je, fedha huhesabiwa mbele ya wote kila mkutano. Ukiona majibu ya kukwepa, tafuta kikundi kingine.

Kikundi kizuri ni raha yenyewe. Watu huimba, hutaniana, hukumbushana. Fika mapema, kwa sababu faini ya kuchelewa hutoka kwenye fungu lako la raha.

Kuweka pesa kwenye simu yako ni bure, kutoa ndiko kunakogharimu. Serikali hutoza 0.5% ya kiasi unachotoa, na kampuni ina ada yake juu ya hiyo. Kwa 530,000 kodi pekee ni 2,650. Toa mara moja, si mara kumi. Benki zilizo chini ya Mfuko wa Kulinda Amana zina kinga ya hadi 10,000,000 kwa kila mteja katika benki moja. SACCO (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) na vikundi havimo katika kinga hiyo, kwa hiyo kinga yako huko ni macho yako na kitabu chako.

Anayekuahidi 30% kwa mwezi mwache aende. Anataka miraba yako yote kwa siku moja.

Hatua ya 8: Siku ya kugawana na siku ya kununua

Vikundi vingi hugawana Desemba, wakati kila mtu ana sababu ya kutumia. Pesa iliyochukua miezi kumi na miwili inaweza kwisha kabla ya Mwaka Mpya. Dawa yake ni kukubaliana na mwenye duka wiki mbili kabla: bei, aina ya cherehani na siku, vyote kwa maandishi. Ukitoka kwenye mkutano, nenda moja kwa moja dukani au benki pamoja na mtu unayemwamini. Usipitie nyumbani, na usitangaze njiani.

Dukani usilipe kabla ya kujaribu. Kunja kitambaa cha jinzi mara nne, ushone sentimita 20, kisha ugeuze uangalie chini. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, mvutano wa uzi wa juu umelegea: mwambie akaze kidogo na ushone tena. Vitanzi vikiisha, ni marekebisho tu. Visipoisha baada ya marekebisho mara mbili na sindano mpya, chagua nyingine. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, usikie kama kuna mahali linakwama. Angalia mkanda wa ngozi kama una nyufa. Dai risiti yenye namba iliyochongwa kwenye mwili wa mashine, na muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti hiyohiyo.

Faida ya hisa, ile 127,000 au 190,500 iliyozidi, usiiweke yote kwenye vitambaa. Toa fungu moja la sherehe, mwalike fundi aliyekufundisha, na zinazobaki ziingie kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa mpya.